Mstari Uliosema Nimefika

Observatory, Johannesburg
Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada Kidawa,

Salamu baada ya miezi kumi na mitatu. Nimeihesabu. Najua pia kwamba barua zako tatu za Januari mwaka jana sikuzijibu, na hilo tuliweke pembeni. Sikuandikii kuomba radhi. Nina shida ya kazi, na tangu uondoke hakuna mtu hapa ninayeweza kuongea naye habari za kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, bila kuanza na a, e, i, o, u.

Visanduku vinakwama. Vile vile vyetu, vinavyokaa juu ya friji za chanjo kwenye zahanati, vinavyosoma joto kila sekunde kumi na kupiga king'ora likivuka nyuzi nane. Toleo 4.2 la programu yake lilianza kupelekwa Novemba. Mpaka leo asubuhi liko kwenye visanduku 1,860, na 31 vimekwama. Kimoja katika kila sitini. Kikikwama hakizimi, na huo ndio ubaya wake: kioo kinaendelea kuonyesha joto la mwisho. Kwenye zahanati moja kusini ya mji kilionyesha 4.6 siku mbili nzima, wakati ndani ya friji mlikuwa na 19. Nesi alishika kichupa akakiona cha vuguvugu, ndipo akashtuka. Angekuwa na haraka kidogo tu, watoto wangechomwa chanjo iliyokufa.

Lambert, aliyekalia kiti chako, ameshaamua. Kiendeshi, ile sehemu ya kiini inayoongea na kipima joto, kina jina langu, basi kosa ni langu. Kikao cha nidhamu ni Ijumaa tarehe 28, saa nne asubuhi. Neno waliloandika ni "uzembe". Lambert akifukuzwa leo, atatoka mlangoni na shahada yake ya Lubumbashi kwapani na Jumatatu atakuwa na kazi nyingine. Mimi kiini nilijifunzia kwenye simu mbovu za soko la Yeoville, na kurasa 1,100 nilizochapisha Braamfontein nikawa nazisoma kibandani kwangu pa kutengeneza simu wateja wakiadimika. Cheti changu ni hii kazi. Neno lile likiingia kwenye faili langu, narudi kibandani nikiwa na miaka arobaini na mmoja.

Sasa sikiliza. Nimevipanga visanduku kumi na moja juu ya meza ya kushonea ya Médiatrice (mke hanisemeshi, nadhani unaelewa). Nimewasha kifuatiliaji, kile kinachoandika kila kazi ndogo ndani ya kiini inapoanza na inapoisha. Kikiwa kimewashwa: siku tisa, hakuna kilichokwama. Kikiwa kimezimwa: siku sita, vimekwama viwili. Nikitazama, kila kimoja kinajifanya mtakatifu. Nikigeuza kisogo tu, kinakwama. Nakaribia kuwa kichaa, na maji ya bomba nayo yamekatika hapa mlimani siku ya nne.

Kati ya 4.1 na 4.2 kuna mabadiliko 46. Yaliingia wewe ukiwa mkuu. Unakumbuka lolote?

Fiacre


Tanga
5 Machi 2025

Kaka Fiacre,

Mfungo mwema kwangu na kwako, maana kalenda inaniambia leo nawe umepakwa majivu. Nilipoona jina lako nilidhani kuna mtu kafariki. Kumbe ni visanduku.

Pole, tena pole ya kweli. Mpe shikamoo yangu Médiatrice na umwambie ile meza aidai kwa nguvu.

Shida yako ni yangu pia, usisahau. Kiendeshi kile kiko wazi kwa umma, na sisi hapa kwenye kituo cha vifaa vya hospitali tumekichukua kama kilivyo. Tuna visanduku 140, bado viko kwenye 4.1. Nimeshasema leo asubuhi visiguswe.

Kifuatiliaji kinakula muda kidogo kila kinapoandika. Kidogo hicho kinatosha kuzifanya kazi mbili zisigongane. Kwa hiyo acha kutazama kutoka ndani. Ninakushauri matatu. Ongeza kasi ya kusoma mara elfu, ili jambo la wiki nzima litokee kabla chai haijapoa. Kisha yakate mabadiliko yale nusu kwa nusu mpaka libaki moja. Na washa mkaguzi wa makufuli, ile programu inayochunguza jinsi kazi zinavyofungiana njia. Najua utasema ni mzito, ni wa wanafunzi. Uwashe tu. Yeye hangoji ajali itokee, anakwambia njia ipi ina ajali.

Uliniuliza kama nakumbuka lolote. Miezi mingi imepita, kaka. Tafuta mstari, usitafute mtu.

Kidawa


Observatory
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kidawa,

Uliniambia nitafute mstari, nisitafute mtu. Nimepata vyote viwili.

Nilikata kama ulivyosema. Arobaini na sita, ishirini na tatu, kumi na mbili, sita, tatu, mbili, moja. Hatua sita, siku tatu. Mstari wenyewe ni wangu, wa mwaka 2021. Kazi yake ni kuandika neno moja kwenye waya wa konsoli, ule unaompelekea fundi maandishi ya kisanduku, kila joto linapoanza kusomwa: *nimefika*. Niliuweka siku zile visanduku vya kwanza vilipokuwa vinakwama, nijue kazi imefikia wapi kabla haijasimama. Vikaacha kukwama, nikauacha hapo hapo.

Neno lina herufi nane, na alama mbili za kufunga mstari, kumi. Waya ule unapeleka herufi moja kwa mikrosekunde 86.8. Jumla 868, hata elfu moja ya sekunde haijafika. Nikiuondoa, kisanduku kinakwama. Nikiurudisha, hakikwami. Nimerudia mara kumi, na mara kumi jibu ni hilo hilo.

Na nani aliuondoa? Badiliko la 31, tarehe 19 Januari 2024. Maelezo yake: "Usafi. Kuondoa mistari ya uchunguzi iliyosahaulika." Mwandishi: Kidawa Mhando.

Iliyosahaulika! Dada, ulikuja kwetu hujui kushika chuma cha kulehemu. Ulikuwa unakishika kama unakoroga uji. Nani alikukalisha chini? Ukapewa kiti nilichokingoja miaka mitano, kwa sababu ya karatasi ya chuo, sawa. Ukakikalia miezi minane. Kisha wiki mbili kabla ya kupanda ndege ukapita na ufagio ndani ya kazi yangu, ukafagia mstari uliokuwa unashikilia visanduku vyote, ukaenda zako kula samaki. Na nilipokuuliza, ukasema miezi mingi imepita. Ulijua. Tangu barua yangu ya kwanza ulijua.

Jumatatu namwonyesha Lambert. Mimi sitaandikwa mzembe kwa ufagio wa mtu mwingine.

Fiacre Nsabiyumva


Tanga
17 Machi 2025

Fiacre,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimefunga na mara ya pili nimefuturu. Haijawa tamu.

Ndiyo, niliufuta. Na ndiyo, niliposoma kwamba ukitazama kinatulia, niliukumbuka mstari huo. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ningesema mimi, ungesema nimetunga. Nilitaka ufike mwenyewe. Umefika nusu ya njia, ukaketi, ukaanza kunitukana.

Hebu rudi kwenye badiliko la 31. Umesoma jina langu ukafunga ukurasa. Teremsha macho mstari mmoja. Pameandikwa: "Imekaguliwa na: Fiacre Nsabiyumva, 22 Januari 2024, saa 8:27 mchana."

Huko kwenu badiliko haliingii bila majina mawili, la aliyeandika na la aliyekagua. Maana ya jina la pili nilifundishwa na mtu mmoja mwenye hasira, akigonga meza mpaka vikombe vinaruka: ukiandika "imekaguliwa" umeapa kwamba umesoma, umeelewa, umepima. Unamkumbuka mtu huyo?

Na tarehe 19 nilikuandikia barua juu ya mstari huo huo. Nilikuandikia nikiwa meza ya tatu kutoka kwako, kwa sababu ulikuwa huitikii hata salamu. Unasema barua zangu tatu hukuzijibu. Sasa niambie ukweli mbele ya huo mfungo wako: ulizifungua?

La mwisho. Mikrosekunde 868 hazishikilii kitu chochote, zinachelewesha tu. Jiulize zinachelewesha nini kisikutane na nini. Nilikwambia uwashe mkaguzi wa makufuli. Kwenye barua yako yote yenye namba tele, hajatajwa hata mara moja.

Samaki wa hapa ni wazuri, asante.

Kidawa


Observatory
Jumamosi, 22 Machi 2025

Dada Kidawa,

Sikuzifungua.

Zilikuwepo bado kwenye barua pepe, zote tatu, zimekolezwa wino kama barua zisizosomwa. Mbili ni za kuniaga. Ya tarehe 19 nimeinakili hapa, maana nataka niione kwa mkono wangu mwenyewe: "Kaka, nimeondoa mistari ishirini na mitatu ya uchunguzi. Ishirini na miwili haina neno. Huu wa nimefika una neno. Nilipouondoa, kisanduku changu kilikwama mara moja katika siku nne. Inawezekana ni bahati mbaya. Tafadhali usitie sahihi kabla hujawasha mkaguzi wa makufuli. Wewe ndiye unayekijua kiendeshi hiki."

Tarehe 22 nilitia sahihi. Ilikuwa Jumatatu, walikuwa wanakukatia keki ya kuagwa jikoni, mimi nikabaki mezani. Nilifungua orodha ya mabadiliko nikayapitisha yote, moja baada ya jingine. Niliona jina lako likijirudia nikasema, haya, fanya unavyotaka, mkuu.

Mkaguzi wa makufuli nimemwasha Jumatano. Amechukua dakika nne.

Ni hivi. Ndani ya kiendeshi kuna kazi mbili, moja inasoma joto, nyingine inalihifadhi. Kila moja inahitaji makufuli mawili. Ya kusoma inafunga la kwanza kisha la pili. Ya kuhifadhi inafunga la pili kisha la kwanza. Zikianza kwa wakati mmoja, kila moja inashika kufuli moja na kungoja lililoshikwa na mwenzake, na hakuna itakayoachia. Zote mbili niliziandika mimi, wiki moja, mwaka 2021. Nimefika ilikuwa inaichelewesha ya kusoma mpaka ya kuhifadhi imalize na kuondoka. Basi. Nilidhani nimeponya, kumbe nilikuwa nimemziba mgonjwa mdomo. Na nikawa natembea Braamfontein nimetanua kifua.

Sasa ya Lambert. Nilikuwa nimeshamwonyesha jina lako ile Jumatatu, kabla barua yako haijafika. Juzi akaniita, akafunga mlango, akanimiminia kahawa. Hajawahi kunimiminia kahawa.

"Fiacre, sharp. Tumemaliza," anasema. "Mstari unarudi, ripoti inasema aliyeufuta hayupo tena kazini, kikao kinafutwa. Yule dada hana cha kupoteza."

Nikamwambia, na makufuli je?

"Eish, mon frère, ndugu yangu. Nani ameuliza habari za makufuli?"

Tangu siku hiyo silali kitandani zaidi ya saa nne, natembea kutoka dirishani mpaka kwenye meza na kurudi. Pale chini robot ya kuongoza magari imezima tena, yanasukumana makutanoni kila dereva akidhani zamu ni yake, na mimi nayatazama kama mtu anayetazama ripoti ya mkaguzi.

Nimepiga hesabu. Mstari ukirudi, visanduku 1,860 vitafanya kazi. Mpaka siku mtu atakapoweka waya wa kasi mara nane zaidi, kitu cha kawaida kabisa, na zile 868 ziwe 108. Hapo hazitoshi. Vitaanza kukwama upya na hakuna atakayejua kwa nini, kwa sababu ninayejua ni mimi na nilinyamaza.

Kikao bado siku sita. Nikimkubalia Lambert nina kazi. Nikikataa, naenda kujishtaki mwenyewe kwa mdomo wangu. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Usinijibu kama mkuu.

Fiacre


Tanga
25 Machi 2025

Kaka Fiacre,

Lambert amekosea. Nina cha kupoteza.

Jana Mzee Bakiri, mkuu wetu hapa, aliniita. Amepata barua kutoka ofisini kwenu. Inauliza, kwa heshima zote, kama mtumishi wake Kidawa Mhando ana "mazoea ya kuondoa sehemu za mfumo bila kibali". Mzee Bakiri ni mtu mpole, hakunigombeza. Alisema tu kwamba mpaka jambo lieleweke, visanduku vyote 140 visiwe mikononi mwangu. Tangu jana napanga maboksi stoo. Kwa swaumu hii, na joto la Tanga.

Sikuombi unitetee. Sitaki kwenda kikaoni nikiwa malaika wako, wala nikiwa shetani wako. Sema lililotokea, lote, kwa mpangilio lilivyotokea, kama kifuatiliaji kinavyoandika. Kikiwa kimewashwa kweli, si kimezimwa.

Uliuliza ningefanyaje. Sijui. Nina jambo langu moja katika hadithi hii ambalo sijakwambia, na sina ujasiri wa kuliandika leo. Kwa hiyo usinichukue kuwa mfano.

Kula kitu kabla ya kikao. Ukiwa na njaa unabwata.

Kidawa


Observatory
Jumatano, 2 Aprili 2025

Dada Kidawa,

Idi njema ya jana na juzi.

Sikwenda kikaoni na njaa. Médiatrice alinikaangia mayai matatu, akanivalisha tai, akasema, "Leo usiongee na watu kama unaongea na friji."

Walikuwa watatu: Lambert, mtu wa sheria aliyekuwa anatazama saa, na mama mmoja wa utumishi ndiye mwenyekiti. Niliweka kisanduku mezani, mkaguzi wa makufuli amewashwa, nikaomba dakika nne za kimya. Lambert akacheka. Yule mama akasema tumpe. Dada, hujawahi kuona dakika nne zilivyo ndefu. Ya kwanza wote walitazama kisanduku. Ya pili walitazama simu. Ya tatu Lambert akaanza kusema kwamba haya ni maigizo. Dakika ya tatu na sekunde hamsini na moja kikaandika kwenye kioo cha laptop, mistari arobaini, na majina ya kazi zangu zote mbili.

Nikasema: aliyeandika haya ni mimi. Aliyeziba badala ya kutibu ni mimi. Aliyeondoa kizibo ni Kidawa Mhando, akanionya kwa maandishi, barua hii hapa, na tarehe yake. Aliyetia sahihi bila kusoma ni mimi. Na nilipewa nafasi ya kumwangushia yeye.

Hilo la mwisho nilipolisema Lambert alikuwa anatazama dari.

Mama akauliza, "Kwa nini ulitia sahihi bila kusoma?"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya kiti."

Akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Natamani ningeliona.

Mtu wa sheria akasema sawa, amekiri, afukuzwe. Mama akamgeukia Lambert, "Akifukuzwa leo, nani anarekebisha hivyo visanduku?" Kimya. Akarudia. Kimya kile kile. Miaka kumi na minne nimekitamani kimya hicho, na kilipokuja hakikuwa na ladha niliyoitarajia.

Kwa hiyo sikufukuzwa. Neno "uzembe" limebaki kwenye faili. Na kwa miezi kumi na miwili jina langu halihesabiki kwenye ukaguzi wa kazi ya mtu yeyote. Naweza kuandika, siwezi kukagua. Nimewauliza mara mbili kama ni haki, halafu nikaacha, kwa sababu nilikuwa najua nilivyokagua mimi.

Mzee Bakiri ataandikiwa. Mama ameahidi, na nimeomba nakala.

Sasa kiraka cha kuponya kosa lenyewe. Nakutumia kwanza kwa lugha yetu, cha Kiingereza kitafuata kwenye orodha ya umma. Kiendeshi kiko wazi, sahihi ya mtu wa nje inakubalika, na nimemwomba mama aandike kwamba ya kwako inatosha. Sitaki ya mwingine.

*Kiendeshi cha joto: kufunga makufuli kwa mpangilio mmoja.*
*Kazi ya kusoma na kazi ya kuhifadhi zilikuwa zinafunga makufuli mawili kwa mpangilio unaopingana. Zikikutana, kisanduku kinakwama na kioo kinaonyesha joto la zamani. Kosa lilifichwa na mstari wa uchunguzi uliochelewesha kazi ya kusoma kwa mikrosekunde 868. Mstari huo haurudishwi. Sasa kazi zote mbili zinaanza na kufuli la kwanza. Imepimwa kwenye visanduku kumi na moja, siku kumi, usomaji milioni 950. Hakuna kilichokwama.*
*Mwenye kosa: Fiacre Nsabiyumva*
*Aliyeonya: Kidawa Mhando*
*Mwandishi: Fiacre Nsabiyumva*
*Imekaguliwa na:*

Mistari miwili tu imebadilishana nafasi. Dakika moja inatosha kuisoma. Visanduku 1,860 vinangoja, manesi wanashika vichupa kwa mkono kila saa kwa amri ya barua niliyoiandika mwenyewe. Fanya haraka, tafadhali.

Fiacre


Tanga
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kaka Fiacre,

Najua umeniandikia mara tano katika siku tisa, na ya mwisho ilikuwa na neno moja na alama tatu za kuuliza. Nilizisoma zote. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakagua.

Mzee Bakiri amenirudishia visanduku siku ya Alhamisi iliyopita, na ufunguo wa maabara, na tende. Nimechukua visanduku sita. Nimeweka waya wa kasi mara nane zaidi, ule ule uliouogopa. Nimewasha mkaguzi, nimemzima. Nimeongeza kasi, nimepunguza. Nimechomoa umeme katikati ya kuhifadhi, mara mia mbili, kidole kimeota sugu. Havikwami. Kiraka ni kizuri. Ni kazi ya Fiacre yule aliyegonga meza.

Sijakitia sahihi.

Sasa lile jambo. Ile Jumatatu ya keki, nilirudi mezani kwangu nikakuta umekagua mabadiliko yote 46. Mfumo unaandika saa ya kila sahihi. Ya kwanza saa 8:10, ya mwisho saa 8:52. Wewe hesabu huzikosei: dakika arobaini na mbili kwa 46. Hata dakika moja moja haifiki. Na mkaguzi wa makufuli peke yake anahitaji nne.

Niliona, Fiacre. Nilikaa na kile kipande cha keki mkononi nikaona kwamba hukusoma hata moja. Ningeweza kuja meza ya tatu nikakushika bega. Ningeweza kuuzuia ule mmoja. Lakini ulikuwa umeninunia miezi minane, nami nilikuwa nimechoka kukubembeleza, na nilitaka kuondoka nyuma yangu pakiwa safi. Nikasema moyoni, ametia sahihi, shauri yake. Nikabonyeza, yote yakaingia. Siku ya pili nilikuandikia ya kuaga, na hilo sikuligusa.

Ndiyo maana tarehe tano Machi nilikwambia usitafute mtu. Nilijifanya nakupa busara. Nilikuwa naogopa utanipata.

Kwa hiyo kiraka chako kina kosa moja, kwenye ule mstari wa mwenye kosa. Haujakamilika. Nimekirudisha. Kirekebishe, nami nitakisoma tena tangu mwanzo.

Na kama Mzee Bakiri atanirudisha stoo, basi maboksi nimeshayazoea.

Kidawa


Observatory
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Dada Kidawa,

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nimezunguka kutoka dirishani mpaka kwenye meza mara nyingi, safari hii sikuhesabu. Nilitafuta hasira nikakuta zimebaki chache, nikamwita Médiatrice nikamsomea. Akasema, "Kumbe mko wawili," akaenda kuchemsha chai. Magauni ya Pasaka yanamngoja, meza nitamrudishia Jumatatu.

Maelezo ni yale yale. Chini yake sasa pako hivi:

*Wenye kosa: Fiacre Nsabiyumva, aliyeandika, akaziba, akakagua bila kusoma; na Kidawa Mhando, aliyeona saa akanyamaza*
*Aliyeonya: Kidawa Mhando*
*Mwandishi: Fiacre Nsabiyumva*
*Aliyepima kwa waya wa kasi mara nane: Kidawa Mhando*
*Imekaguliwa na:*

Nafasi ya mwisho nimeiacha wazi. Usiharakishe.

Fiacre